Uzito wa Ardhi: Historia ya Programu Huria na Uhalisia Pepe katika Simuleta za Urubani, kwa Kielelezo cha Shinyanga na Ukanda wa Dhahabu wa Geita

Ikisiri

Makala haya yanachunguza historia ya juhudi za kuongeza kasi na ulaini wa picha za uhalisia pepe katika simuleta za urubani kwa kutumia programu huria. Kielelezo kilichotumika ni anga la Shinyanga na ukanda wa dhahabu wa Geita, eneo ambalo sura ya ardhi yake imebadilishwa sana na uchimbaji wa madini. Hoja kuu ni kwamba ufanisi katika simuleta umepatikana hasa kwa kubana matumizi, yaani kutochora kile ambacho jicho halikioni, na kwamba programu huria ndizo zilizoufikisha ubanaji huo mikononi mwa watumiaji wa kawaida. Aidha, makala yanaonesha kwamba uhuru uleule unamwezesha mtumiaji kusahihisha ardhi anayoruka juu yake, jambo lenye uzito wa pekee mahali ambapo ardhi iliyopimwa mwaka 2000 si ardhi iliyopo leo.

1.0 Utangulizi

Simuleta ya urubani ni mashine au programu ya kompyuta inayoiga urushaji wa ndege. Uhalisia pepe ni teknolojia inayomvika mtumiaji miwani yenye viwambo viwili, kimoja kwa kila jicho, ili kichwa kinapogeuka, mandhari nayo igeuke. Viwili hivi vinapounganishwa, mwanafunzi anaweza kuketi kwenye kiti cha kawaida, akatazama begani kuona bawa, kisha akainama kusoma kipima mwinuko. Muungano huo una gharama kubwa ya ukokotoaji. Kompyuta inayorusha ndege vizuri kwenye kiwambo cha mezani huweza kushindwa kabisa inapotakiwa kufanya kazi hiyohiyo ndani ya miwani.

Katika mikoa ya Shinyanga na Geita suala hili halina budi kuangaliwa kwa upande wa gharama. Kadi ya michoro yenye nguvu huagizwa kutoka nje na kulipiwa kwa fedha za kigeni. Kwa shule, chuo au kijana anayetamani urubani, kununua mashine kubwa zaidi kila mwaka si njia inayofikika. Swali linaloongoza makala haya ni hili: katika historia ya simuleta, ni nini kilichowezesha mashine ndogo kufanya kazi kubwa, na ni nani aliyekuwa na mamlaka ya kukitumia?

Ili kulijibu, makala yanaanza na historia ya anga lenyewe juu ya nchi ya migodi, kisha yanafuata mkondo wa mafunzo ya urubani yafanyikayo chini, data za ardhi, hesabu ya fremu, zana huria zilizobuniwa kati ya mwaka 2019 na 2022, na hatimaye mipaka ya zana hizo.

2.0 Anga la nchi ya migodi

Reli ya kutoka Tabora ilifika Mwanza mwaka 1928, nayo ikapita Shinyanga. Geita ilibaki ng'ambo ya maji. Msafiri aliyetoka Mwanza kwenda Geita kwa njia fupi alivuka Ghuba ya Mwanza kwa kivuko kati ya Kigongo na Busisi, hadi Daraja la J. P. Magufuli, lenye urefu wa takribani kilomita 3, lilipofunguliwa Juni 2025. Katika mazingira hayo ndege haikuwa anasa kwa mwenye mgodi. Ilikuwa njia ya kusafirisha wataalamu, vipuri, wagonjwa na madini yenye thamani kubwa lakini ujazo mdogo.

Mwaka 1940 mwanajiolojia wa Kanada, John Williamson, aligundua almasi Mwadui, mkoani Shinyanga. Mji wa mgodi uliokua hapo ulikuwa na uwanja wake wa ndege. Upande wa Geita, mgodi wa dhahabu wa enzi ya ukoloni ulifanya kazi tangu miaka ya 1930 hadi ulipofungwa mwaka 1966. Uchimbaji mkubwa wa kisasa ulianza tena mwaka 2000 kwa Mgodi wa Dhahabu wa Geita, ukafuatiwa na Bulyanhulu mwaka 2001 na Buzwagi mwaka 2009, yote miwili ikiwa upande wa Kahama. Migodi hiyo iliendeleza desturi ya kutumia viwanja vidogo vya ndege. Mkoa wa Geita uliundwa mwaka 2012, na mwishoni mwa muongo huohuo ukajengwa uwanja mkubwa wa ndege Chato.

Hata hivyo, anga hili halikuwazalishia wenyeji wake marubani kwa kadiri lilivyozalisha safari. Shule ya urubani iliyoanzishwa kwa ajili ya Afrika Mashariki yote ilifunguliwa Soroti, Uganda, mwaka 1971. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika mwaka 1977, Soroti ikabaki mikononi mwa Uganda, na Shirika la Ndege la Afrika Mashariki, lililoundwa mwaka 1946, likafa. Mafunzo nchini yalijikita Dar es Salaam. Kijana wa Kahama aliyeziona ndege za mgodi zikipita juu ya paa la shule yake alikuwa mbali sana na chumba cha rubani.

Urushaji katika Kanda ya Ziwa nao una masharti yake. Uso wa Ziwa Viktoria uko takribani mita 1,134 juu ya usawa wa bahari, na nyanda za Shinyanga ziko katika kimo kinachokaribiana na hicho. Hewa ya moto huwa nyepesi. Kwa kanuni ya kawaida ya marubani, siku yenye joto la nyuzi 30 katika kimo cha mita 1,134, ndege hufanya kazi kana kwamba iko karibu mita 1,950. Injini hutoa nguvu pungufu, bawa hubeba kidogo, na ndege huhitaji njia ndefu zaidi ili kupaa. Ziwa nalo hutengeneza mawingu na dhoruba zake. Tarehe 6 Novemba 2022 ndege ya Precision Air aina ya ATR 42, iliyokuwa na watu 43, ilianguka ziwani karibu na uwanja wa Bukoba, na watu 19 wakafariki. Ajali hiyo haitumiki hapa kuthibitisha lolote kuhusu mafunzo. Inatajwa kwa sababu inakumbusha kwamba ujuzi wa anga la ziwa hili ni jambo la uhai na mauti.

3.0 Kutoka viriba vya Link hadi FlightGear

Wazo la kujifunza kuruka bila kuondoka chini ni la zamani. Mmarekani Edwin Link, aliyekulia katika kiwanda cha vinanda vya baba yake mjini Binghamton, New York, alitumia viriba na pampu za vinanda hivyo kutengeneza kijindege kinachoinama na kugeuka kwa kufuata usukani. Aliomba hataza mwaka 1929. Kwa miaka kadhaa mashine hiyo ilichukuliwa kama mchezo wa maonesho. Mwaka 1934 jeshi la Marekani lilipopewa kazi ya kusafirisha barua kwa ndege na kupoteza marubani wengi katika hali mbaya ya hewa, lilinunua mashine sita. Katika Vita Kuu ya Pili ya Dunia maelfu ya mashine za Link yalitumika kufundishia.

Jambo la kuzingatia ni kwamba mashine ya Link haikuwa na mandhari. Mwanafunzi alifunikwa kwa kifuniko na kusoma vipimo tu. Thamani yake ilitokana na uhusiano sahihi kati ya mkono, usukani na kipimo. Somo hilo lilisahaulika mara kwa mara baadaye, kompyuta zilipoanza kushindana kwa uzuri wa picha.

Upande wa programu, mwaka 1983 Richard Stallman alitangaza mradi wa GNU, na mwaka 1989 ikatoka leseni ya GPL. Leseni hiyo inampa mtumiaji haki ya kuendesha programu, kuusoma msimbo wake, kuubadili, na kuusambaza ukiwa umebadilishwa au haujabadilishwa. Kwa msingi huo, mwaka 1996 David Murr alipendekeza kuandikwa kwa simuleta ya urubani ambayo kila mtu angeweza kuichangia, na mwaka 1997 Curt Olson akaongoza toleo lililofungua njia ya FlightGear. Katika miaka hiyohiyo Jon Berndt alianzisha JSBSim, programu huria inayokokotoa nguvu zinazoisukuma, kuibeba na kuivuta ndege.

Tanzania haikuwa mtazamaji tu katika vuguvugu la programu huria. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, uliohusisha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, seti ya programu za ofisi iliyotafsiriwa kwa Kiswahili. Mradi huo ulithibitisha jambo moja lenye uhusiano wa moja kwa moja na mada hii: pale msimbo unapokuwa wazi, watu wa mahali fulani wanaweza kuifanya programu iseme lugha yao bila kusubiri uamuzi wa kampuni ya mbali. Katika simuleta, lugha ya mahali ni pamoja na ardhi yake.

4.0 Ardhi ya Februari 2000

Simuleta huichora ardhi kutokana na data za miinuko. Kwa sehemu kubwa ya Afrika, chimbuko kuu la data hizo ni mradi wa SRTM. Kati ya tarehe 11 na 22 Februari 2000 chombo cha anga Endeavour kiliizunguka dunia kikiwa na rada mbili, moja ndani ya mwili wake na nyingine kwenye mlingoti wa mita 60, kikapima takribani asilimia 80 ya nchi kavu. Kwa miaka mingi data zilizotolewa kwa umma kuhusu maeneo ya nje ya Marekani zilikuwa na nafasi ya takribani mita 90 kati ya nukta moja na nyingine. Septemba 2014 Marekani ilitangaza kwamba ingetoa data za mita 30 kwa dunia nzima, ikianza na bara la Afrika.

Tangazo hilo lilikuwa neema na mzigo kwa wakati mmoja. Kipande cha ardhi chenye upana wa nyuzi moja kwa moja, yaani kama kilomita 111 kila upande, kina nukta 1,442,401 katika data za mita 90. Katika data za mita 30 nukta hizo zinakuwa 12,967,201. Ardhi imekuwa nzito mara tisa, ilhali kompyuta ya mtumiaji ni ileile.

Wajenzi wa mandhari ya FlightGear walikuwa na jibu lililotangulia tatizo. Mwaka 1995 Michael Garland na Paul Heckbert walieleza mbinu ya kuiwakilisha ardhi kwa pembetatu zisizolingana ukubwa: panapokuwa tambarare pembetatu chache kubwa hutosha, na penye vilima huongezwa ndogo nyingi. TerraGear, zana huria ya kujengea mandhari ya FlightGear, ilitumia programu ya Garland iliyotokana na mbinu hiyo. Dunia hugawanywa katika vipande, na kila kipande hupewa jina la pembe yake ya kusini-magharibi. Mji wa Geita uko katika kipande e032s03, na Shinyanga katika e033s04. Katika kipande cha Shinyanga, nyanda pana za Usukuma hazihitaji pembetatu nyingi. Katika kile cha Geita, safu za vilima huzidai. Kompyuta hutumia nguvu zake mahali ambapo ardhi ina jambo la kusema.

Hapa mwanahistoria ana sababu ya kusimama. Data za SRTM ni hati yenye tarehe. Februari 2000 mgodi wa kisasa wa Geita ulikuwa ukingoni mwa kuanza uzalishaji, na shimo kubwa la Nyankanga halijachimbwa kufikia kina chake. Buzwagi halikuwepo. Kwa hiyo rubani wa simuleta anayepita juu ya Geita kwa data hizo anaona nchi ya jana: vilima vilivyokwisha kukatwa bado vimesimama, na lundo za mawe taka hazimo. Bulyanhulu, kwa kuwa huchimbwa chini ya ardhi, haujasaliti rada kwa kiasi hicho. Daraja la Kigongo hadi Busisi na uwanja wa Chato ni vitu vya baadaye kabisa.

Katika simuleta iliyofungwa, kosa la namna hiyo hubaki hadi mwenye programu apate sababu ya kibiashara ya kulirekebisha. Katika simuleta huria, data, zana za ujenzi na matokeo vyote viko wazi. Faili ya viwanja vya ndege iliyotunzwa kwa miaka mingi na Robin Peel chini ya leseni ya GPL ilihudumia FlightGear na X-Plane pia. Mwanafunzi wa upimaji ardhi aliyeko Geita ana uwezo wa kisheria na wa kiufundi wa kuingiza shimo, lundo au njia ya kurukia ndege iliyokosekana, na kazi yake ikamfikia kila mtumiaji.

5.0 Hesabu ya milisekunde 11

Tatizo la uhalisia pepe ni tatizo la muda. Miwani ya Oculus Rift na HTC Vive, iliyoingia sokoni mwaka 2016, ilionesha fremu 90 kwa sekunde. Kila fremu, kwa hiyo, ina takribani milisekunde 11.1 za kutayarishwa. Fremu ikichelewa, mandhari hubaki nyuma ya kichwa kinachogeuka. Sikio la ndani linaieleza akili jambo moja na jicho linaeleza lingine, na matokeo yake ni kizunguzungu na kichefuchefu. Kwenye kiwambo cha mezani fremu iliyochelewa ni kero. Ndani ya miwani humtoa mwanafunzi katika somo.

Wingi wa nukta za picha nao ni mkubwa. Miwani ya mwaka 2016 ilikuwa na pikseli 1,080 kwa 1,200 kwa kila jicho. Kwa macho mawili na fremu 90, hizo ni pikseli milioni 233 kwa sekunde. Kiwambo cha kawaida cha pikseli 1,920 kwa 1,080 chenye fremu 60 kinahitaji milioni 124 tu. Miwani ya HP Reverb G2, iliyopendwa na warushaji wa simuleta kwa sababu iliwawezesha kuzisoma saa za ndege, ina pikseli 2,160 kwa 2,160 kwa kila jicho. Kwa fremu 90, kazi inafikia pikseli milioni 840 kwa sekunde, karibu mara saba ya kiwambo cha mezani.

Linganisha gharama hiyo na gharama ya fizikia. JSBSim ndani ya FlightGear hukokotoa mwendo wa ndege mara 120 kwa sekunde kwa kawaida, na kompyuta ya miaka mingi iliyopita humudu kazi hiyo bila taabu. Wepesi wa hewa ya mchana wa Shinyanga, upungufu wa nguvu za injini na urefu wa kupaa vyote vimo katika hesabu hiyo nyepesi. Kinachoilemea mashine ni picha. Sehemu iliyo muhimu zaidi kwa anayejifunza ndiyo ya bei nafuu zaidi, kama mashine ya Link ilivyokwisha kuonesha.

6.0 Zana huria na hatima yake

Mpaka mwaka 2019 kila mtengenezaji wa miwani alikuwa na njia yake ya kuzungumza na programu. Julai mwaka huo muungano wa Khronos ulitoa toleo la kwanza la OpenXR, kiwango cha wazi kinachoziwezesha simuleta na miwani kuelewana bila kujali mtengenezaji. Mwaka huohuo kampuni ya Collabora ilitangaza Monado, utekelezaji huria wa kiwango hicho kwa Linux. Baadaye maktaba ya osgXR, iliyoandikwa na James Hogan, iliunganisha FlightGear na OpenXR. Kuanzia hapo njia nzima, kutoka fizikia ya ndege hadi jicho la rubani, ingeweza kujengwa kwa programu huria, isipokuwa zile zilizomo ndani ya vifaa vyenyewe.

Hatua ya pili ilihusu kukuza picha. Juni 2021 AMD ilitoa mbinu ya FSR, na Julai ikaweka msimbo wake wazi chini ya leseni ya MIT. Mbinu hiyo huchora picha ndogo, kisha huikuza huku ikilinda ncha za maumbo. Katika daraja moja la mbinu hiyo kila upande wa picha hugawanywa kwa 1.5. Kwa miwani ya Reverb G2, pikseli 9,331,200 za kila fremu zinapungua hadi 4,147,200, yaani asilimia 44. Kwa kuwa msimbo ulikuwa wazi, mtu mmoja nje ya AMD, Holger Frydrych, aliweza kuuingiza katika michezo ya uhalisia pepe ambayo watengenezaji wake hawakuwa wameupanga.

Hatua ya tatu ilitokana na elimu ya jicho. Binadamu huona kwa ukali kamili katika eneo dogo sana la katikati, la nyuzi chache tu. Pembeni huona mwendo na umbo bila undani. Kuchora kingo za picha kwa undani uleule wa katikati ni kumwaga maji mchangani. Mwaka 2022 Matthieu Bucchianeri alitoa OpenXR Toolkit, zana yenye msimbo wazi iliyokusanya mahali pamoja ukuzaji wa picha, uchoraji hafifu wa kingo, na vipimo vya muda wa kila fremu. Ilisimama kati ya simuleta na miwani, kwa hiyo ilifanya kazi hata kwa simuleta zilizofungwa kama Microsoft Flight Simulator, iliyopata uhalisia pepe Desemba 2020.

Vipimo hivyo vya muda vina umuhimu ambao mara nyingi hupuuzwa. Fremu inaweza kucheleweshwa na kadi ya michoro au na kichakataji kikuu. Kukuza picha na kupunguza undani wa kingo huisaidia kadi peke yake. Ikiwa kichakataji ndicho kilicholemewa, dawa ni kupunguza umbali wa majengo na miti inayochorwa, ndege nyingine zilizomo angani, na idadi ya vitu kwa ujumla. Aliyepima kwanza hutibu ugonjwa. Asiyepima hununua kadi mpya na kubaki na fremu zilezile.

Zana hizi zina mkondo mmoja wa fikra: pembetatu chache penye tambarare, pikseli chache pembeni mwa jicho, picha ndogo iliyokuzwa kwa busara. Zote zinasema kwamba ukarimu usio na kipimo kwa kila nukta ni ubadhirifu. Mkulima wa nyanda kavu za Shinyanga anayegawa mbolea kidogo kidogo kwenye mashina badala ya kuitawanya shambani kote angeielewa falsafa hiyo bila kufundishwa.

Hatima ya zana hizo nayo inafundisha. Bucchianeri alisitisha kuiendeleza OpenXR Toolkit, lakini msimbo wake haukuzikwa pamoja na uamuzi huo. Kwa upande mwingine, Desemba 2023 Microsoft ilitangaza kuachana na Windows Mixed Reality, mfumo ambao Reverb G2 iliutegemea, na toleo la 24H2 la Windows 11 likauondoa. Miwani isiyo na kasoro yoyote ya kioo wala waya iligeuka kuwa kifaa kisichotambulika. Waendelezaji wa Monado walikuwa wamekwisha kuandika draiva huria za baadhi ya miwani ya familia hiyo kwa ajili ya Linux. Kwa taasisi tajiri tukio hilo ni sababu ya kununua kifaa kipya. Kwa taasisi inayotegemea vifaa vilivyotumika, tofauti kati ya draiva iliyofungwa na iliyo wazi ni tofauti kati ya darasa na kabati la vyuma chakavu.

7.0 Huru, bure na idhini

Kiswahili kina bahati ya kutenganisha maneno mawili ambayo lugha nyingine huyachanganya. Kilicho bure hakilipiwi. Kilicho huru hakina bwana. Programu nyingi za kuongeza kasi ya simuleta hutolewa bure, lakini msimbo wake umefungwa. Mwenyewe akichoka, akifariki au akiajiriwa kwingine, programu hukoma. Taasisi inayopanga mafunzo ya miaka kumi haina budi kuuliza swali la uhuru kabla ya swali la bei.

Uhuru, hata hivyo, hautoi idhini. Saa zilizorushwa kwenye simuleta ya nyumbani haziandikwi katika daftari la rubani kama mafunzo rasmi. Vifaa vya mafunzo hukaguliwa na kupewa vyeti na mamlaka za usafiri wa anga, na nchini Tanzania jukumu hilo ni la Mamlaka ya Usafiri wa Anga Tanzania. Uhalisia pepe wenyewe umekwisha kuvuka kizingiti hicho mahali pengine: Aprili 2021 mamlaka ya usalama wa anga ya Umoja wa Ulaya ilitoa cheti cha kwanza kwa kifaa cha mafunzo ya helikopta kinachotumia uhalisia pepe, kilichotengenezwa na kampuni ya Uswisi. Kifaa hicho ni mfumo kamili uliopimwa, chenye kiti kinachotikisika na usukani halisi, na cheti hutolewa kwa mfumo huo wote. Programu huria pekee haiwezi kudai hadhi hiyo.

Kinachowezekana ni cha kiasi na cha maana. Mwanafunzi anayetarajia kwenda Dar es Salaam au Soroti anaweza kufika akiwa amezoea mpangilio wa saa za ndege, taratibu za kukaribia uwanja, na tabia ya ndege katika hewa nyepesi ya nyanda za juu. Mafunzo ya ndege halisi hulipiwa kwa saa, na kila jambo linaloeleweka chini ni saa ambayo haikupotea angani. Pia mwalimu wa fizikia wa sekondari anaweza kuonesha kwa nini ndege ileile inapaa mapema Dar es Salaam na kuchelewa Shinyanga. Somo hilo halihitaji hata miwani.

8.0 Hitimisho

Makala haya yamefuatilia mambo mawili yaliyokutana: historia ya anga la migodi ambalo kwa muda mrefu wenyeji walilitazama kutoka chini, na historia ya programu huria zilizopunguza uzito wa picha ili mashine ndogo iweze kubeba ardhi kubwa. Imeonekana kwamba maendeleo makubwa ya ufanisi, kuanzia pembetatu za mwaka 1995 hadi zana za mwaka 2022, yalitokana na kutambua kipi kisichorwe. Imeonekana pia kwamba mbinu hizo zilimfikia mtumiaji wa kawaida kwa sababu msimbo wake uliruhusiwa kusomwa na kubadilishwa.

Kwa Shinyanga na Geita, matokeo yanaelekeza kwenye kazi mbili za utafiti na utekelezaji. Ya kwanza ni kupima, kwa kompyuta zilizopo katika shule na vyuo vya mikoa hiyo, fremu zinazopatikana kabla na baada ya kutumia zana huria, kwa kutenganisha mzigo wa kadi ya michoro na wa kichakataji. Ya pili ni kuisahihisha ardhi ya simuleta: kuchimba Nyankanga na Buzwagi katika data, kulaza daraja juu ya Ghuba ya Mwanza, na kuweka viwanja vya migodi mahali pake. Ardhi ya Geita imekwisha kubadilishwa na waliokuwa na mitambo. Ramani yake ya angani inaweza kuandikwa upya na wanaoishi juu yake.